Mzunguko wa Siku Moja Marangu: Nenda kwa Ajili ya Mifongo

Matembezi haya huuzwa kwa jina la maporomoko ya maji. Ukishuka kwenye daladala pale Marangu Mtoni, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kabla hujanyoosha mgongo, vijana wawili watatu watakuwa wamekwisha kukuonyesha picha za maporomoko kwenye simu zao, na hakuna hata mmoja atakayekutajia mfongo. Nimeufanya mzunguko huo mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa tano, nikiwa na wafanyakazi wenzangu tuliotoka Dar es Salaam. Mara ya pili mwezi wa pili, nikiwa na mke wangu na binti yetu wa miaka kumi na mmoja. Baada ya safari zote mbili nimefikia uamuzi kwamba kinachostahili nauli na jasho la siku nzima si kile kinachotangazwa.

Kwa msomaji asiye mwenyeji wa mlimani, mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, unaochukua maji ya mto huko juu karibu na msitu na kuyapeleka kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo ambamo migomba, kahawa, mifugo na nyumba hukaa pamoja. Maelezo hayo mafupi yanaficha ugumu wa kazi yenyewe. Mito ya Kilimanjaro upande wa kusini imejichimbia makorongo marefu, na watu wanaishi juu ya migongo ya ardhi iliyoko baina ya korongo na korongo, kwa hiyo mtu anaweza kuusikia mto usiku kucha akiwa kitandani na bado akakosa maji ya kumwagilia mgomba mmoja. Wachagga walilitatua jambo hilo kwa kuufuata mto kwenda juu hadi mahali ambapo korongo halijawa na kina kirefu, wakajenga banio, yaani kizuizi cha kuyageuza maji, la mawe, udongo na majani, kisha wakayatoa maji pembeni na kuyatembeza kwenye ubavu wa korongo kwa mteremko mdogo kuliko ule wa mto. Mto unashuka kwa haraka na mfongo unashuka polepole, na kadiri vinavyokwenda ndivyo vinavyoachana, mpaka mfongo unatokeza juu ya mgongo wa ardhi ilhali mto umebaki shimoni. Palipokuwa na kijito cha kuvuka, maji yalipitishwa juu kwa juu ndani ya magogo yaliyochimbwa mfano wa mtumbwi. Mwingereza Harry Johnston, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1884, aliikuta mifereji hii ikifanya kazi na akaisifu katika maandishi yake, na wahandisi waliokuja baada yake na vifaa vyao vya kupimia hawakuwa na mengi ya kuwafundisha walioichimba.

Njia tuliyopita, ambayo ndiyo waongozaji wengi wa pale hupita kwa tofauti ndogondogo, inaanzia Marangu Mtoni, inapanda hadi maporomoko ya Kinukamori, inaendelea kupanda kwenye vichochoro vya vihambani huku ikifuata mfongo, inafika kwenye banio, inashuka ndani ya korongo la mto, kisha inapanda upande wa pili na kurudi kwa kuteremka hadi ilipoanzia. Simu yangu ilihesabu kilomita kumi na mbili na ushei. Tulitumia saa sita na nusu pamoja na chakula, nasi hatukuwa watu wa kukimbia. Hakuna mahali panapohitaji kamba au utaalamu wa kupanda milima, ila magoti yatakumbushwa umri wake wakati wa kushuka korongoni.

Kuhusu Kinukamori nitasema machache. Pako karibu na barabara, pametengenezwa vizuri, na mwongozaji yeyote atakusimulia kwa madaha kisa cha msichana Makinuka aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaenda kwenye ukingo wa maporomoko ili ajitupe, akaghairi, na alipogeuka arudi nyumbani akakutana na chui uso kwa uso. Watoto wanakipenda kisa hicho, na wapiga picha wanapapenda mahali hapo. Ikiwa una saa mbili tu Marangu, nenda hapo na uridhike. Maporomoko ya Ndoro na Kilasiya nayo yamo katika orodha za waongozaji, lakini kuyapanga yote katika siku moja kunaifanya safari kuwa ya kukimbizana na tiketi, kwa kuwa kila mahali kuna kiingilio chake.

Uzuri wa safari unaanza pale unapoiacha barabara ya gari na kuingia kwenye kichochoro chenye masale pande zote mbili. Masale ni mpaka wa kihamba na pia ni mmea wa heshima, maana Mchagga akikosana na jirani yake humpelekea jani la isale kuomba radhi. Kando ya kichochoro hicho, upande wa juu, mfongo unapita. Upana wake haufiki hatua moja ya mtu mzima, na maji yalikuwa yanafika katikati ya muundi. Mara ya kwanza niliupita kama mtu anavyoupita mtaro wa maji ya mvua. Mara ya pili binti yangu ndiye aliyenisimamisha. Alikuwa anatembea nyuma yetu, mara akauliza, "Baba, mbona maji haya yanapanda?"

Nilicheka, kisha nikaangalia tena, na kicheko kikakatika. Kipande hicho cha kichochoro kilikuwa kinashuka kwa kasi mbele yetu na ukingo wa mfongo ulikuwa unakaribia usawa wa kiuno changu, kwa hiyo jicho, ambalo limekwisha kuuzoea mteremko wa njia kana kwamba ndio usawa wa ardhi, linayaona maji yakielekea juu. Tulidondosha ua la mbuni, yaani mti wa kahawa, kwenye maji na kutembea nalo sambamba. Lilikwenda mwendo wa bibi anayetoka kanisani, halikimbii, halisimami, likazunguka mawe mawili na kuingia chini ya mzizi wa mti uitwao mruka, na baada ya dakika kumi na kitu lilikuwa juu ya vichwa vyetu, likielekea kwenye vihamba ambavyo sisi tulikuwa tunavitazama kwa chini. Sijawahi kuonyeshwa hesabu ya mteremko kwa ufasaha namna ile. Ukizingatia kwamba waliochimba hawakuwa na kipimo zaidi ya jicho, uzoefu na maji yenyewe waliyoyaachia kidogokidogo ili yawaonyeshe njia, unaelewa kwa nini ninasema maporomoko ni nyongeza.

Bahati yetu ya pili ilikuwa kumkuta mzee mmoja akiwa katika zamu yake ya maji. Mwongozaji wetu alimwita Babu, nasi tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kazi, kwa kuwa mwenye zamu hana dakika ya kupoteza. Alikuwa anaziba tundu kwenye ukingo. Alichukua gamba la mgomba, akalikunja mara mbili, akalipachika kwenye tundu, akalishindilia udongo wenye nyasi uliokatwa kama matofali, kisha akakanyaga kwa kisigino mara tatu na kusikiliza. Ndiyo, alisikiliza, aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri mlio wa mlango. Aliporidhika alikwenda hatua chache mbele, akaondoa pande la mgomba lililokuwa limeziba mdomo wa kihamba chake, na maji yakageuka. Yaliingia kwenye udongo mkavu yakiwa na povu la vumbi mbele yake, kuku wakaruka pembeni, na harufu ya ardhi iliyolowa ikapanda hadi tulipokuwa tumesimama.

Alipopata nafasi alitueleza mambo ambayo mwongozaji hakuwa ameyagusa. Mfongo ulikuwa wa ukoo wa yule aliyeuchimba, na uongozi wake ulikaa katika ukoo huo. Wengine waliomba kuingia na wakaleta pombe ya mbege kama heshima. Zamu zinapangwa kwa siku na kwa nusu siku. Anayekwepa kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo anatozwa faini, na anayejichotea maji ya mwenzake anaitwa kikaoni. Zamani kazi za kule kwenye banio zilikuwa za wanaume peke yao, na aliposema hivyo mke wangu alimtazama, naye akacheka na kuongeza kwamba siku hizi mwenye jembe ndiye mwenye haki ya kuja. Alituonyesha pia nduwa, yaani bwawa dogo la udongo linalojazwa usiku wakati hakuna anayemwagilia, na kufunguliwa alfajiri ili maji yatoke kwa nguvu na yafike vihamba vya mbali kabla jua halijawa kali. Lilikuwa tupu saa hiyo, tope lake likiwa na nyayo za mbuzi. Kwa macho ya mpita njia ni shimo tu.

Hapa ndipo ninapokuwa na neno na huduma ya waongozaji. Katika safari ya kwanza kijana aliyetuongoza, ambaye vinginevyo alikuwa mchangamfu na mwangalifu, alitupitisha kando ya mfongo kwa mwendo wa kukimbilia maporomoko, na nilipomuuliza ule mfereji ni wa nini alijibu kwamba wageni hawapendi kusimuliwa habari za mitaro. Akaongeza kwamba maji yote yale yanatoka kwenye barafu ya kilele cha Kibo. Jambo hilo la pili husemwa sana, hata na watu wazima, lakini si sahihi. Mito ya upande huu hulishwa zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu kuliko barafu ya kileleni, na hilo si suala la wasomi peke yao, maana ndilo linaloeleza kwa nini kukata miti juu ya banio kunamkausha mtu aliyeko kihambani hata kama theluji bado inang'aa juu ya kichwa chake. Mwongozaji anayelijua hilo anakupa mlima mzima katika sentensi moja. Yule wa safari ya pili, mtu wa makamo ambaye mwenyewe ana kihamba na zamu yake ya Alhamisi, alilijua, na tofauti ya siku hizo mbili ilikuwa kama tofauti ya kusoma barua na kutazama bahasha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayepanga kwenda ni kumuuliza mwongozaji, kabla ya kukubaliana bei, kama yeye mwenyewe anatumia maji ya mfongo. Akianza kusitasita, tafuta mwingine. Na bei nayo izungumzwe yote kwa pamoja. Katika safari ya kwanza tuliambiwa kwamba kila kitu kimo, halafu kwenye kila lango tukatakiwa kutoa kiingilio, na mwisho chakula kikahesabiwa peke yake. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi za kumvunja mtu mgongo, lakini kufungua pochi mara tano katika siku moja kunaharibu mazungumzo. Mara ya pili tuliandika kwenye karatasi kilichomo na kisichomo, na hakuna aliyenuna.

Banio tulilofika halikuwa la zamani kabisa. Sehemu yake ya mbele imejengwa kwa saruji, na hatua kama mia moja za kwanza za mfongo zimesakafiwa, kazi ambayo imepunguza maji kupotea. Baada ya hapo mfereji unarudi kuwa wa udongo, na ndipo unapoingia kwenye ubavu wa korongo, ukiwa umechongwa kwenye mwamba laini, mahali pengine ukiwa umeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Njia ya miguu inapita juu ya ukingo huohuo, mkono mmoja ukigusa kuta zenye kuvumwani, upande wa pili pakiwa wazi hadi mtoni. Mwenye kuogopa vimo ataziona mita hizo mia mbili kuwa ndefu. Palipokuwa na gogo la kuvushia maji sasa pana bomba la chuma lililoungwa kwa waya, na gogo lenyewe bado lipo, limelala chini likiota uyoga, umbo lake la mtumbwi likionekana vizuri. Nilitamani mtu angelipandisha pembeni na kuliwekea kijibao, kwa kuwa ni kitu ambacho jumba lolote la makumbusho lingejivunia.

Mabanio ya juu zaidi yako msituni, na huko matembezi haya hayafiki. Wenyeji bado huutaja ukanda wa nusu maili, kipande cha msitu kilichotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wanavijiji, na tangu mwaka 2005 msitu wa hifadhi umeunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo kupanda kulisafisha banio la huko kuna taratibu zake. Mzee wetu alilieleza hilo bila ukali, ila alitaja mara mbili idadi ya barua walizoandika.

Korongo lenyewe ni la kuvutia, na hapa waliouza picha hawakudanganya. Unashuka kwa ngazi za udongo zilizozuiwa na vipande vya miti, joto linapungua kila hatua, na sauti ya mto inakua mpaka mazungumzo yanakatika yenyewe. Chini kuna kuta zilizosimama wima zenye mikangaga, na maji baridi kiasi kwamba binti yangu alitia mguu mmoja na kuutoa kabla hajapiga yowe. Mwezi wa tano, wakati wa masika, poromoko la humo korongoni lilikuwa linanguruma na mvuke wake ulitulowesha tukiwa mbali. Mwezi wa pili lilikuwa uzi mweupe tu. Hata hivyo ngazi za mwezi wa tano zilikuwa sabuni. Mwenzetu mmoja alianguka na kuteleza hatua nne kwa makalio, na fito ya kushikilia aliyoikamata iling'oka naye. Hakuumia, lakini nilimsikia mwongozaji akisema kwamba fito hiyo ilikuwa imelegea tangu mwaka uliopita, na hilo ni jambo ambalo nyundo na misumari mitatu vingelimaliza. Viatu vyenye meno ni lazima, na fimbo ikatwe mapema. Wazee na watoto wadogo wanaweza kufurahia sehemu ya mfongo yote na kuliacha korongo bila kupungukiwa na chochote.

Msomaji atakuwa ameona mgongano uliopo. Maji ya maporomoko na maji ya mfongo hayapendezi kwa wakati mmoja, kwa kuwa wakati wa masika kila kihamba kimelowa, mabanio mengi hufungwa, na mfongo unabaki na maji ya vidimbwi, ilhali wakati wa kiangazi mto unapungua na kila tone linalopatikana linagawanywa kwa zamu. Anayetaka picha ya poromoko kubwa aende mwishoni mwa masika na avumilie tope. Anayetaka kuuona mfongo ukifanya kazi aende Januari na Februari, au kuanzia Agosti hadi Septemba, na aondoke Moshi alfajiri. Daladala ya kupitia Himo hufika Marangu Mtoni kwa zaidi ya saa moja kidogo ikiwa haikukaa sana stendi.

Chakula kilikuwa kwenye nyumba ya mama mmoja upande wa pili wa korongo, chini ya migomba, na sina lawama nacho isipokuwa kwamba kilichelewa saa nzima. Mtori ulikuwa mzito kama unavyotakiwa kuwa, nyama ilikuwa laini, na ndizi za kuchoma zilitolewa bila kuombwa. Kahawa ilikaangwa, ikatwangwa kwenye kinu na kuchemshwa mbele yetu, kazi ambayo binti yangu aliifanya kwa nusu ya muda kisha akanikabidhi mchi. Miche ya kahawa ilipandwa kwanza katika misheni ya Kilema, jirani kabisa na Marangu, mwaka 1898, na ukiitazama mistari yake chini ya migomba unaona ilivyoingizwa kwenye kihamba na mfongo vilivyokuwepo tayari, bila kuvihamisha. Mbege ilipitishwa kwenye kibuyu. Nilionja, ilikuwa changa na yenye ukali wa kupendeza, na wale wa safari ya kwanza walionja zaidi ya kuonja, jambo lililoifanya njia ya kurudi kuwa ndefu kuliko ilivyoandikwa. Choo kilikuwa cha shimo, safi, chenye maji kwenye ndoo.

Kuhusu alama za njia, hazipo. Huwezi kuufanya mzunguko huu peke yako bila kuingia kwenye ua wa mtu, na ua wa mtu si njia ya umma hata kama kichochoro kinaonekana hivyo. Mwongozaji hapa analipwa pia kwa ajili ya salamu zake, maana kila baada ya hatua hamsini kuna mtu wa kusabahiwa na kila salamu ndiyo ruhusa ya kupita. Maji ya kunywa beba mwenyewe. Ya mfongo hunywewa na mifugo, watu huyafulia na kuyamwagilia, na haijalishi yanang'aa kiasi gani.

Tulipokuwa tunarudi, saa kumi kasorobo, tulipita tena kwenye kihamba cha yule mzee kwa upande wa chini. Mdomo wa mfereji wake ulikuwa umezibwa kwa pande lilelile la mgomba, udongo kando yake umeshindiliwa, na maji yalikuwa yanaendelea kwenda kwa jirani ambaye zamu yake ilianza saa tisa. Mwongozaji alituambia tusikanyage ukingo hapo, kwa kuwa ulikuwa bado mbichi.